Hongwe wa Bi Somoe na Dawa ya Kaa

"Nani kawaambia msafishe?"

Wanangu, katika miaka yote niliyofanya kazi maabara, hakuna neno nililolisema mara nyingi kama hilo. Nimelisema Nyamisati, nimelisema Mbwera, nimelisema nimesimama kwenye tope la mikoko mpaka magotini, tena nimefunga. Mtu unamwambia vizuri, "Baba, naomba samaki mzima kama alivyotoka majini, usimguse." Anaitikia, "Hamna shida, mama." Unakwenda kuswali Adhuhuri, ukirudi anakukabidhi sahani. Samaki keshatolewa matumbo, keshakatwa matamvua, kaoshwa kwa ndimu, na juu yake kapakwa chumvi. Halafu anakutazama, anasubiri umshukuru.

Na utamshukuru, utafanyaje? Kwetu Rufiji mgeni hapewi samaki na matumbo yake. Ni sawa na kumwambia, shika hii, kajihangaikie mwenyewe. Mwenye nyumba akifanya hivyo atasemwa yeye na ukoo wake. Sasa sie watu wa maabara tukifika kijijini ni wageni, tena wageni wa gari na boti ya mashine, kwa hiyo heshima tunapewa kamili, na ushahidi wetu wote unaliwa na paka.

Maana tunachokitafuta kiko hukohuko kunakotupwa. Ukitaka kujua samaki kaogelea kwenye mafuta ya mashine, unatazama nyongo yake. Ukitaka kujua kapitiwa na dawa ya kuulia wadudu, unatazama ubongo. Minofu mitamu mnayotuletea na ndimu yake inatuambia jina la samaki, basi. Haituambii yaliyomkuta.

Nilianza kazi kwenye maabara ile ndogo ya mradi pale Kibiti nikiosha vichupa. Mchana nikiosha, jioni nikienda madarasa ya watu wazima, na Nasra wangu nimemfunga mgongoni. Nilipopata cheti changu cha kidato cha nne, Dokta Leah, aliyekuwa mkuu wetu, akanivalisha koti akaniambia, "Mama Nasra, sasa utavichafua hivyo vichupa, mwingine ataosha." Juzi hapa kifua kimenikataa. Harufu za zile dawa nimezivuta miaka mingi, daktari kanambia nipumzike, nami nimepumzika, ingawa bado sijafika umri wa kuitwa bibi. Na nyinyi mnaoingia sasa mnapita nyumbani kuniuliza, "Mama, hii kazi ikoje?" Basi kaeni. Nitawaeleza kwa kisa cha Bi Somoe, maana katika kisa hicho kila kitu kinachoudhi katika kazi yetu kimo.

Bi Somoe alikuwa mchuuzi wa samaki wa Delta. Mama wa makamo, mweusi, mrefu, sauti yake ukiisikia ng'ambo ya mto unajua leo kuna mtu kakosea. Alikuwa ananunua hongwe kwa wavuvi wa kijijini kwake, anawakata vichwa, anawabanika juu ya chanja kwa moshi wa kuni, wakishakauka anawapanga kwenye tenga na kuwaleta kwenye soko moja la barabarani huku kwetu. Hongwe, kwa msiokula samaki, ni yule wa maji ya chumvi mwenye sharubu. Binamu yake wa maji baridi ni kambale. Wakiwa hai hata mtoto anawatofautisha. Ukishawakata vichwa ukawabanika moshi, haki ya Mungu, weka mbele yangu kumi na mimi nitakosea.

Sasa ikatokea watu kadhaa mjini wakala samaki wa moshi, wakatapika usiku kucha. Maneno yakaenea. Ati kuna watu huko juu kwenye madimbwi ya bondeni wanamwaga dawa majini, kambale wanaelea, wanaokotwa, wanabanikwa. Mwenyekiti wa soko, mtu wa haraka kupita kiasi, akapita kwenye meza akaona samaki wasio na vichwa. Akasema hawa ni kambale wa sumu, toa. Na meza yenyewe ilikuwa ya Bi Somoe.

Akaja maabara na tenga lake kichwani. Hata salamu hakuimaliza.

"Asalaam aleikum. Wewe ndiye unayepima samaki?"

"Waaleikum salaam, mama. Karibu ukae."

"Sikai. Miye nauza hongwe. Huyu mwenyekiti wenu hajui hongwe, anajua chipsi. Nipimie, uniandikie, nirudi mezani kwangu."

"Mama, hawa wamebanikwa. Tunaweza kukwambia ni hongwe au kambale. Lakini kama kuna sumu, hatuwezi kukwambia kwa hawa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu tunapima kwenye ubongo, tena ubongo mbichi. Hawa hawana vichwa, na moto umeshaua tunachokipima."

Akanitazama kama aliyemwomba mtu maji akaletewa kamba. "Kwa hiyo nimekuletea samaki, wewe unanidai ubongo?"

Dokta Leah akatoka ofisini. Alikuwa mtu wa Iringa, mfupi, hasemi sana, lakini akikutazama kwa juu ya miwani unakumbuka dhambi zako. Akamwambia, "Mama, tutafanya yote mawili. Hawa tutawapima jina. Na tutakuja kwako kuchukua wabichi. Lakini wabichi wazima."

"Njooni," Bi Somoe akasema. "Meza yangu imekaa tupu. Nina watoto, nina mama mzazi ndani. Mkichelewa, meza atapewa mwingine."

Hapo ndipo tulipofika. Meza ya Bi Somoe ilitegemea majibu yetu, na yeye alikuwa na hakika majibu yatakuwa mazuri. Mtu mwenye hakika hivyo ni mgumu kuliko mwenye wasiwasi, mtakuja kuniambia.

Tukaanza na jina. Namna yenyewe si uchawi. Unakata kipande cha nyama kwa ndani, kule moshi haukufika sana, kidogo kama punje ya mchele. Unakiyeyusha kwa dawa, unatoa vinasaba, unavitia kwenye mashine inayopasha na kupoza, inapasha na kupoza, mpaka vinasaba vizidi na kuzidi. Kisha unavipitisha kwenye ute mgumu kama wa jeli, unamulika, unaona mstari unaong'aa. Kambale mstari wake unakaa mahali pake, hongwe mahali pake. Pembeni unaweka kichupa cha hongwe unayemjua kwa hakika, kichupa cha kambale unayemjua, na kichupa cha maji matupu. Hicho cha maji matupu ndicho wavivu wanachokiruka. Mkikiruka mie simo.

Mwenzangu Selemani ndiye aliyefanya siku ile. Kijana mzuri, mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Akanita, "Mama Nasra, yule mama kaumia. Samaki zake zote kambale."

"Zote?"

"Zote, mama. Freshi kabisa, mistari inawaka."

Nikaenda kutazama. Kweli, mistari inawaka. Tenga zima kambale. Nikatazama hongwe wetu wa kulinganishia, yule niliyemnunua mwenyewe na kichwa chake na sharubu zake. Kambale. Nikatazama maji matupu.

"Selemani."

"Naam, mama."

"Na maji nayo kambale?"

Akainama kutazama meza yake.

Jana yake alikuwa amesaga nyama ya kambale kwenye meza ileile, akapima kwa pipeti ileile, kile kibomba cha kunyonyea dawa, akaifuta kwa kitambaa, kwisha. Chembe usiyoiona kwa macho, hiyo mashine inaizidisha mpaka inakuwa ukuta. Siku ile kila kitu ndani ya maabara kilikuwa kambale. Ungempima Selemani mwenyewe, angekuwa kambale. Dokta Leah akaja, akatazama, akaenda kuleta ndoo na klorini. Tukapiga deki meza, kuta, mpini wa mlango. Pipeti za samaki zikatengwa chumba kimoja na za kuzidishia chumba kingine, na mtu akitoka chumba kile harudi huku na koti lilelile. Selemani akawa ananung'unika, "Hii maabara imekuwa hospitali ya wazazi." Nikamwambia, "Ungemfukuzisha mtu sokoni kwa maji, wewe."

Tukarudia. Maji yakatoka bila mstari. Kambale akabaki kambale, hongwe akawa hongwe, na samaki za Bi Somoe, zote, zilikuwa hongwe.

Nikamweleza kwa simu. Akacheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. "Si nilikwambia? Mpe mwenyekiti!"

Tukampa. Mwenyekiti akasoma, akageuza karatasi nyuma kuona kama kuna kingine. "Sawa, hongwe. Lakini wana sumu au hawana?"

"Hilo bado, tunakwenda kuchukua wabichi."

"Mama Nasra, mie sitaki mihadhara. Niambie ndiyo au siyo."

"Nitakwambia nikijua."

"Sasa kazi yenu nini?"

Wanangu, swali hilo mtaulizwa na kila mtu, na mtaulizwa na mama wakwe zenu. Wangu alikuwa na lake pia. Aliona nimerudi nyumbani na koti linanukia spiriti, ile tunayohifadhia vipande vya nyama, akasema mkwe wangu anafanya kazi na pombe kisha anaswali nalo hilohilo koti. Tangu hapo koti linabaki kazini, nanawa, natandika mswala wangu. Sijawahi kukosa Alasiri kwa sababu ya samaki. Namshukuru Mungu kwa hilo kuliko kwa cheti.

Basi tukaenda Delta, kijijini kwake Bi Somoe. Boti ya mashine kutoka Nyamisati, nahodha wetu Bakari, kaka mmoja mnene mcheshi, anayejua kila mkono wa mto na kila mtu aliyeko kwenye mkono huo. Tulitaka hongwe wa sehemu mbili. Wa mlangoni, pale mto unapoingia baharini, na wa kwenye mkono wa ndani unaopita kandokando ya mashamba ya mpunga. Bi Somoe alikuwa ananunua kote kuwili, akiwachanganya kwenye chanja moja. Ukubwa uwe mmoja, maana huwezi kulinganisha samaki mtoto na samaki baba. Nikawaeleza wavuvi. Wote wakaitikia.

Mnajua kilichotokea. Nimeshawaambia mwanzoni. Tulipotoka kuswali, hongwe wa wavuvi wawili walikuwa kwenye beseni wanang'aa, ndimu inawanukia, na vichwa vyao viko kwenye sufuria ya Bi Somoe, vimeshaanza kuchemkia mchuzi wetu sisi wageni.

"Bi Somoe! Vichwa!"

"Vinaiva, mwanangu. Kaa, kunywa maji."

"Bi Somoe, vichwa ndivyo tulivyovifuata!"

"Kwani nimekunyima? Si utavila?"

Dokta Leah alikaa juu ya kinu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akasema, "Mchuzi una nazi?" Tukala. Tungefanyaje? Ubongo ulioiva haupimiki, lakini mchuzi ule, sitasema uongo, sijala mwingine kama ule.

Safari iliyofuata nilisimama ufukweni mwenyewe. Mtu akikaribia na kisu namtazama. Hongwe wazima wakaingia kwenye deli letu la barafu, kila sehemu na mfuko wake, na alama ya penseli, maana wino unayeyuka. Nikafunga deli. Nikampa Bakari alinde, mimi nikaenda kuwaaga watu.

Sasa, barafu huko Delta ni kitu cha kutajwa. Siku ile kulikuwa na harusi nyumba ya tatu kutoka ufukweni, watu wametengeneza juisi ya ukwaju, ya moto kama uji. Shangazi wa bibi harusi akaja kwa Bakari. "Kaka Bakari, tusitiri." Na Bakari hajui kumnyima mtu. Akatoa mapande ya barafu, makubwa, akafunika deli vizuri kama lilivyokuwa. Tulipofika Kibiti nikafungua, mkono wangu ukaingia kwenye maji ya vuguvugu.

"Bakari, barafu iko wapi?"

"Mama, niliacha kidogo."

"Iko wapi nyingine?"

"Harusini." Kisha akaongeza, kama itasaidia, "Wamekuombea dua."

Dua nilizihitaji. Tukajaribu hivyohivyo. Hapa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wanapotoa majibu ya uongo bila kusema uongo. Ndani ya ubongo wa samaki kuna kimeng'enya kinachosaidia mishipa ya fahamu ipumzike baada ya kushtuka. Zile dawa za kuulia wadudu, nyingi zinakifunga kimeng'enya hicho, ndiyo maana mdudu anatetemeka kabla hajafa. Sie tunausaga ubongo kwenye ubaridi, tunatia dawa. Kimeng'enya kikiwa kizima, maji yanageuka njano, haraka. Kikiwa kimefungwa, yanabaki meupe. Lakini joto nalo linakiua. Na maji meupe hayakwambii ni nani kakiua.

Siku ile maji yote yakabaki meupe. Ya mlangoni meupe, ya mashambani meupe. Selemani akasema, "Basi imekula kwake, kote kuna sumu." Mwenyekiti siku hiyohiyo akapiga simu, mara tatu kabla ya Magharibi. Angepata jibu lile angempa mtu mwingine meza kabla ya jua kuzama.

Dokta Leah akamwaga kila kitu kwenye chombo cha taka. "Haya ni majibu ya joto. Hayaandikwi."

"Dokta, mwenyekiti anasubiri," Selemani akasema.

"Asubiri."

Bi Somoe naye akaja, safari hii akakaa. Sauti imepungua. Mwingine alishaanza kuweka mbogamboga pembeni ya meza yake, kidogokidogo, kama mtu anayesogeza mkeka. Akanisogelea nikiwa nje naanua makoti.

"Mwanangu, wewe mwislamu mwenzangu. Unanijua. Andika wako safi, tumalize."

"Siwezi kuandika nisichokiona, mama."

"Mie nakula hongwe hao kila siku! Mama yangu anakula! Ningekuwa nauza sumu ningewapa watu wangu?"

"Najua huuzi sumu kwa kujua."

"Kwa kujua!" Akasimama. "Kumbe umeshaniweka kwenye kundi." Akaenda zake, hakuaga.

Niliumia. Nasema kweli. Lakini ningeandika safi siku ile, leo nisingekuwa na la kuwaambia nyinyi.

Tukarudi tena. Deli mbili, mie nimekalia moja, Dokta Leah kakalia nyingine, kama kuku wanaoatamia. Bakari akaambiwa akiombwa barafu aseme ina sumu. Tukafika Kibiti barafu bado inagongana. Tukafungua vichwa juu ya barafu. Mnachana kwa juu, taratibu, ubongo wa hongwe si mkubwa na haukungojei ukikosea. Tukasaga, tukatia dawa, tukatazama.

Wa mlangoni, njano. Njano ya alizeti, jamani, nikasema Alhamdulillah kwa sauti.

Wa mkono wa ndani, wanaoishi kandokando ya mpunga, maji yalibaki meupe. Hayakuwa meupe kabisa, yalikuwa na njano hafifu ya kuonea huruma. Tukarudia, tukabadilishana, mie nikapima wa Selemani na yeye wangu bila kuambiana ni wa wapi. Ikawa vilevile.

Dokta Leah akaniuliza, "Kule mashambani wanaweka nini?"

Nilijua wanaweka nini. Kila mtu wa Delta anajua. Kaa. Kaa wa kule anatoka kwenye shimo lake, anakata mche wa mpunga chini kabisa kama mtu mwenye mkasi, anakwenda kwa mwingine. Unapanda asubuhi, kesho unakuta tope. Basi watu wananunua dawa ya wadudu, wanachanganya na pumba, wanaitupia kwenye mashimo. Kaa wanakufa, mpunga unasimama. Kisha maji ya bahari yanajaa, yanaingia shambani, yanatoka na kilichomo. Hakuna aliyekuwa anamwaga sumu mtoni kuvua samaki. Walikuwa wanalinda wali.

Na Bi Somoe alikuwa na shamba pale. Alinionyesha mwenyewe siku ya ule mchuzi, kwa fahari, mpunga umesimama kijani.

Tukaenda kumwambia yeye kwanza. Nilitaka iwe hivyo, na Dokta Leah akakubali. Tulimkuta anapepeta mchele. Nikamweleza polepole, wa mlangoni wazima, wa ndani wameguswa na dawa. Hatusemi atakayemla atakufa, ubongo wa samaki unatwambia tu kwamba dawa imemfikia, na mahali ambapo dawa inamfikia samaki si pa kuchukulia chakula cha watu.

Alipepeta mpaka pumba zikaisha. "Ya shamba langu?"

"Hatuwezi kusema ya shamba gani. Yote yanamiminikia mle."

"Nimekuuliza. Na langu limo?"

"Limo, mama."

"Haya." Akaweka ungo chini. "Nimekuja kwako nitetee samaki zangu, umeniletea kesi ya mpunga."

Dokta Leah akaomba kuonana na kijiji kizima.

Mkutano wa kijiji ukaitishwa. Vijana wakasimama wakali. Mmoja, mwenye kofia ya mpira, akasema, "Kwa hiyo Dokta, kaa tumwachie shamba? Tumpikie kabisa?" Watu wakacheka. Dokta Leah akasema ukweli, kwamba njia rahisi hana. Akasema huko kwingine watu wanakuza miche juu, mbali na maji ya chumvi, wanaihamisha ikiwa imekomaa shina, kaa akiikata anachoka. Yule kijana akasema, "Kaa wa hapa hachoki, dokta, njoo ulale naye." Ikawa kelele. Mzee mmoja akasema wachuuzi wanataka kuua wakulima. Mchuuzi mmoja akasema wakulima ndio wanaowaua wao. Nikaona kazi ya safari zote inakwenda na maji, tena kwa kelele.

Bi Somoe akasimama. Hakuomba nafasi, huwa haombi. Alikuwa kashika chupa ya dawa, ile yenye kifuniko chekundu, nusu imebaki.

"Hii ya kwangu," akasema. "Mnaijua, nyote mnayo. Mie nauza samaki, na huku nyuma nampa samaki dawa. Mwenyekiti wa soko kanitukana, nami nimemtukana, kumbe wote wawili hatukujua. Sasa nimejua. Mwaka huu siweki. Atakayeweka, aweke, lakini asiniuzie hongwe wa mkono wa ndani, mie sinunui. Nanunua wa mlangoni tu, na watu wa BMU, kamati yetu ya wavuvi, washuhudie nyavu zimetegwa wapi."

"Na kaa, Bi Somoe?" yule kijana akauliza, hakuwa anacheka tena.

"Kaa na mie tutaonana."

Akampa Dokta Leah ile chupa tuipeleke zinakotakiwa kutupwa. Wengine wachache wakaenda nyumbani wakaleta zao. Wengi hawakuleta, sitawadanganya. Wengine walihamisha miche mikubwa, wengine walinyamaza na kuendelea kama zamani.

Wanangu, mnataka niwaambie mwisho mzuri. Sawa. Mwenyekiti wa soko alisoma majibu yote, ya mlangoni na ya ndani, akalalamika kwamba ni marefu, kisha akaamuru yule wa mbogamboga asogee. Bi Somoe akarudi mezani kwake. Lakini alikuwa amechelewa kukuza miche, alipanda midogo kama zamani, bila dawa. Kaa walikuja. Mie nilikwenda kuona lile shamba msimu ule. Lilikuwa tope na mashimo, na shina mojamoja limesimama kama nywele za kichwa kilichonyolewa vibaya. Wali wa mwaka ule wote alinunua.

Nilikuwa nimesimama mezani kwake siku moja nachagua hongwe, akaja mama mmoja wa mjini, kajipaka wanja, anashika samaki kwa ncha za vidole.

"Hizi samaki za wapi? Maana nasikia kuna za sumu."

Bi Somoe akamtoa yule samaki mkononi mwake, akamrudisha mezani.

"Za mlangoni," akasema. "Na nunua usinunue, lakini hilo swali usinirudie. Shamba langu zima limeliwa na kaa ili wewe uje uulize hapa, nami nikujibu."

Yule mama akanunua. Nami nikanunua.